Namna ya Kupaka Rangi Plafo ya Klase

Ndugu wanafunzi, juma hili sisi wa mwaka wa sita tunapaka plafo ya klase yetu, mbele ya kuwaachia ninyi na kwenda kwenye mtihani wa Serikali. Rangi iko ndoo moja tu, imetoka kwa franga za wazazi, na ya pili hakuna. Basi shikeni haya, maana ukuta unasamehe, plafo haisamehe: mwangaza wa dirisha unapita chini yake na kuonyesha kila mstari.

Kwanza ondoeni masizi na nyuzi za buibui. Kama paa inavuja, itengenezwe mbele. Rangi haizuii maji.

Kisha mmoja apake pembeni kwa brosi, mwingine amfuate palepale na rulo yenye mpini mrefu. Rulo ikisha kuchovywa, ipitishwe juu ya ubao mpaka isidondoshe. Msiikandamize, itaacha mistari miwili.

Anzeni upande wa dirisha, mwende kipande kwa kipande, kila kipya kiguse kile kingali kibichi. Rangi ya maji inakauka mbio, kwa hiyo fungeni madirisha mpaka mmalize. Palipoanza kukauka msirudi, hata mkiona doa. Mngoje kupaka mara ya pili. Kurudi ndiko kunaleta mabaka.

Kazi hii haiombi mtu wa nguvu, inaomba wawili wanaosikilizana. Wasiposikilizana, wanaacha mpaka kati yao, na mpaka ule wadogo wetu watautazama miaka mingi.