Mabao ya Mwambani, Nakuru

Sanaa ya kuichora ardhi yenyewe ina mabingwa wanaojulikana kwa majina. Mwaka 2010 mchongaji wa Australia, Andrew Rogers, alijenga michoro mikubwa ya mawe katika milima ya Chyulu akishirikiana na Wamaasai. Sisi tuliokuwa Nakuru kwa ndugu zetu tuliitenga siku moja kwenda kutazama kazi ya wachongaji wasio na majina: mabao yaliyochimbwa katika mwamba wa Hyrax Hill, kilima cha pimbi, kilomita chache kutoka mjini, kando ya barabara ya Nairobi.

Shangazi yetu, ambaye kwao Lamu hafungwi bao kwa urahisi, aliinama akapitisha kidole katika vishimo, safu kwa safu.

"Na nyumba iko wapi?" akauliza.

Bao letu lina safu nne za mashimo manane, na nyumba yake. Hili la mwambani hakuiona nyumba, wala hakuridhika. Watoto walikwisha kuokota changarawe za kuwa kete.

Kilima hiki kilichimbuliwa na Mary Leakey kuanzia mwaka 1937. Katika makaburi ya kale aliyoyafukua, wanawake walikutwa wamezikwa na sahani za mawe. Wanaume hawakuwa nazo. Sisi hatumziki maiti na chombo chochote, lakini mbele ya habari hiyo kina mama wote tulinyamaza. Binti yetu mmoja akauliza ni nani aliyemwekea marehemu sahani ile: mumewe, mamake, au mwanawe? Hakuna aliyekuwa na jibu, na njia nzima ya kupanda kileleni tulibishana. Shangazi alishikilia kuwa ni mwanawe wa kike. Mtu mwingine, asema, asingejua ipi ndiyo sahani yake aipendayo.

Kileleni upepo ni mkali, nanyi mtakaokwenda chukueni sweta za watoto. Kusini huonekana Ziwa Nakuru, ambalo zamani za kale maji yake yalikizunguka kilima hiki. Kaskazini ni Menengai. Leo kinachokizunguka ni mapaa ya mabati. Kilima ni eneo la kumbukumbu ya taifa tangu mwaka 1943, lakini nyumba zimekwisha kufika uani.

Tuliswali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza, chini ya mti, kisha tukashuka. Shangazi alirudi tena kwenye mwamba, akahesabu mashimo upya.