NESI NA KWAYA, SEHEMU YA 6: Miksa kubwa au ya raki?

Nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, chai iko mezani, kwa hiyo tuendelee. Tangu niseme kwamba kwaya yetu inachangia miksa mpya, inbox imejaa swali moja: tuchukue ile kubwa ya mezani yenye vitelezi vingi, au ile ndogo ya kufunga kwenye raki? Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka. Leo naandika kwa wote.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Nitatumia Behringer X32 kama mfano maana ndiyo tuliyoipima, tena ipo ya aina zote mbili. Ile kubwa ina matundu 32 ya maiki na vitelezi 25 vinavyojisogeza vyenyewe kwa mota. Yenyewe tupu inazidi kilo 20, bado hujaiweka kwenye sanduku. Ile ya raki ina matundu 16 ya maiki, kimo chake ni kama sentimita 13 tu, na kitelezi haina hata kimoja. Ina kioo kidogo na vifundo vichache mbele, kazi kubwa unaifanya kwenye kishikwambi au kompyuta.

Sasa watu wengi wanadhani ndogo maana yake ni dhaifu. Hapana. Ubongo ni uleule. Zote zinachakata chaneli 40, na ukihitaji maiki zaidi ya 16 kwenye ile ndogo, unaongeza boksi la jukwaani kwa waya wa mtandao. Kwa hiyo sauti isikuumize kichwa. Swali ni mikono. Nani ataishika, na nani ataibeba?

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Maiki za waimbaji 8, yaani mbili kwa kila sauti. Ngoma 3, magitaa 2, kiongozi 1. Jumla 14. Kinanda kinaingia kwenye matundu ya laini, ambayo ile ndogo inayo 6 pembeni. Tukatosha, tukabakiwa na maiki mbili za mgeni. Kabla hujabishana kuhusu mashine, hesabu kwanza midomo na vyombo. Nimeona vikundi vinanunua chaneli 32 wakati waimbaji wenyewe ni 9.

Basi kwenye karatasi ile ndogo ikashinda. Sisi hatuna jengo la kuacha mitambo. Leo tuko msibani, kesho harusini, vyombo vinapanda bajaji au nyuma ya pikapu ya mtu. Na mimi kama nesi, kuhusu kubeba sitanii. Wodini tunafundishwa kila siku: kunja magoti, mzigo uwe karibu na mwili, usijipinde ukiwa umebeba, ita mwenzako. Pamoja na hayo bado manesi tunaumwa viuno. Sasa mkabidhi mtu wa miaka 60 na kitu sanduku kubwa namna ile, saa nne usiku, kwenye ngazi zisizo na taa.

Hapo ndo inabidi niwaambie kuhusu Mjomba.

Mjomba siyo mjomba wangu wa damu, ila kwayani wote tunamwita hivyo. Ni fundi wa kuchomelea mageti, na ndiye fundi mitambo wetu tangu enzi za miksa ya analojia iliyofungwa kwa selotepu. Hasomi mambo ya mitandao. Lakini maiki ikianza kupiga mluzi, mkono wake umeshafika kwenye kitelezi kabla wewe hujageuza shingo. Tulipokodi ile ndogo Jumamosi moja ili tuijaribu, tukampa kishikwambi. Akagusa, kimya. Akagusa tena, kimya. Vioo vile vinahisi umeme mdogo wa ngozi, na vidole vya fundi wa miaka 40 vimekuwa vigumu na vikavu. Hata sisi tukivaa glovu nene vinatugomea. Akaniangalia akasema, “Mwanangu, hiki kioo hakinitambui.”

Yaani hiyo sentensi ilinikaa. Maana mashine kubwa Mjomba anaiweza, ila kuibeba haiwezi. Ndogo anaibeba kwa mkono mmoja, ila haimtambui. Na vijana wakaanza kusema kwa sauti ya chini, basi apumzike, ameshazeeka. Mtu aliyetuhudumia bila malipo miaka yote hiyo!

Kwenye kikao nikasema neno moja tu la wodini: makabidhiano. Dripu nikiifungua vizuri, inaendelea kutiririka hata nikitoka chumbani. Miksa ya raki nayo hivyo hivyo: kishikwambi kikikata mawasiliano, sauti haikatiki, inabaki pale ulipoiacha. Vizuri. Lakini mgonjwa akibadilika ghafla na hakuna anayeweza kuishika ile dripu, je? Na mimi nikiwa zamu, nani anabaki? Ni Mjomba. Kwa hiyo tusinunue mashine inayomtoa mlangoni mtu pekee ambaye hakosi.

Tulichoamua ni hiki. Tunachukua ya raki, na tunaiongezea kibao cha vitelezi kinachounganishwa kwa waya. Kampuni hiyohiyo inakitengeneza, kinaitwa X-Touch, kina vitelezi 8 na kimoja kikuu. Na X32 inakuruhusu kufunga chaneli kwenye makundi 8. Angalieni ilivyokaa: soprano, alto, tena, besi, kinanda, magitaa, ngoma, kiongozi. Nane kamili! Kila kitelezi kina plasta nyeupe ya wodini yenye jina lake kwa herufi kubwa. Mjomba anashika vitelezi, kijana mmoja anashika kishikwambi kwa yale mambo ya ndani, na kila mwezi wanafundishana.

Mambo matatu kwa mnaokwenda njia hii. Moja, X32 ya raki haina Wi-Fi ndani, nunueni ruta yenu wenyewe, iwe na nywila, na msiigawe kwa waalikwa. Mbili, iwekeni juu. Mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, na maji yanameza mawimbi. Ukumbi mtupu kila kitu kinakwenda, watu 300 wakijaa mawasiliano yanayumba. Tatu, miksa na ruta vyote viwe kwenye UPS, maana umeme wetu mnaujua.

Nani achukue ile kubwa? Kama mna jengo lenu, mitambo haihami, na mafundi wanapokezana, chukueni bila kusita. Kila kitu kiko mbele ya macho, hata mgeni anaelewa haraka. Bei sizitaji, zinabadilika kila wiki, ulizeni maduka matatu.

Ila kabla ya kutoa hela, andikeni kwenye karatasi jina la mtu atakayeshika hiyo mashine siku fundi wenu mkuu hayupo. Kisha mpelekeni huyo huyo dukani, mikono yake iiguse.

Sehemu ya 7 nikipata off: waya za maiki na jinsi ya kuzikunja zisife. Hapo chini niandikieni, kwenu fundi mitambo ni nani? Nikiamka nasoma zote. Mchana mwema, mimi nalala.