Namba ya Siri na Ujirani Mwema

Katika vyombo vyote vilivyoingia huku kwetu Makere, katika nchi hii ya vilima, hakuna nikipendacho kuliko simu. Mtu akiketi nami barazani hana budi kusikia habari za betri na programu, hata achoke. Lakini leo sitaki kuusifu uzuri wa chombo hicho. Nataka kusema juu ya jambo dogo lililomo ndani yake, yaani tarakimu nne za siri.

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Kampuni nyingine zikafuata. Tangu hapo simu imekuwa sanduku la fedha. Mtu auza maharage yake, na malipo huenda yakaingia simuni. Kijana aliyeko Dar es Salaam humpelekea mamaye fedha pasipo kumsumbua dereva wa basi. Na ufunguo wa sanduku hilo ni namba ile.

Basi, shida yetu ni hii: ufunguo huo twaugawa kama moto wa jirani. Wazee wengi wasiojua kusoma huniletea simu zao na kunitajia namba kwa sauti, mbele ya watu. Bibi mmoja, jirani yangu, nilipokataa kuisikia namba yake alihuzunika, akasema, "Mwanangu mwalimu, wewe umewafundisha wajukuu zangu. Nisipokuamini wewe, nimwamini nani?" Neno hili lilinichoma, maana kwetu mtu afichaye kitu mbele ya jirani huhesabiwa kuwa mchoyo, au mwenye nia mbaya.

Nikalifikiri jambo hilo siku nyingi. Kutoka 0000 hata 9999 ziko namba 10,000, na mtu akikosea mara chache tu, huduma hufungwa. Kwa hiyo mwivi hapati faida kwa kubahatisha, isipokuwa mwenye simu amechagua mwaka wake wa kuzaliwa; hapo namba za kujaribu hazifiki hata 100. Njia iliyo nyepesi kwake ni kuomba. Mmoja hupiga simu akijifanya mtumishi wa kampuni, akataka atajiwe namba ya siri. Mwingine huandika, "Ile hela itume kwenye namba hii," naye hamjui ampelekeaye. Huwapelekea wengi, akitumaini kwamba miongoni mwao hakosekani mtu mwenye deni aliyekuwa tayari kulipa siku ile. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015, na tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole. Hata hivyo ujumbe wa namna hiyo ungali waja. Mlango hauvunjwi, mwenyewe hufungua.

Lakini iko sababu kubwa kuliko wezi wa mbali. Namba ikijulikana na watu watatu, kisha fedha zikapungua, wote watatu hushukiwa, hata asiye na hatia. Hapo ndipo ujirani hufa. Basi kumficha jirani namba si kumdharau, bali ni kumkinga asije akanyoshewa kidole. Nilimwambia bibi maneno haya. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kama ni hivyo, nifundishe mwenyewe."

Bibi hakujua tarakimu. Lakini simu za vitufe zina alama ndogo iliyoinuka juu ya kitufe cha 5, kilicho katikati. Nilimwonyesha alama hiyo kwa kidole gumba, kisha njia ya kwenda juu na chini, kushoto na kuume. Siku mbili alijizoeza simu ikiwa imezimwa. Siku ya tatu nilimsomea maneno ya simu mpaka mahali panapotakiwa namba mpya, nikamrudishia simu yake, nikageuka. Sasa mjukuu humsomea, lakini namba huibonyeza bibi mwenyewe. Mimi siijui, wala mjukuu haijui, na salamu zetu hazikupungua.

Walimu wenzangu, kazi hii ni yetu. Tuwafundishe watu kwamba msaada wa kampuni hupatikana kwa kupiga 100. Kwamba ujumbe wa kitapeli hupelekwa 15040. Na kwamba kwa kubonyeza *106# mtu aweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Nao wenye simu janja wasichoke kusasisha programu, kama vile paa la nyasi lizibwavyo kabla ya mvua. Lakini kwanza tuwafundishe hili: mtu akikuletea simu yake, msomee yote, ila panapotakiwa namba ya siri, mrudishie chombo chake, ukageuke.