Neno la Herufi Tatu

Jumatatu, 3 Machi

"Run" mara sita katika ukurasa mmoja ninaoutafsiri, na hakuna anayekimbia! Bomba linachuruzika. Duka linaendeshwa. Mzee anagombea udiwani. Unga umewaishia. Basi linapita kila saa. Rangi ya kanga imechuja. Kwa Waingereza neno moja, kwangu sita, na kila moja nimelitafuta peke yake kama sindano gizani. Saa nane usiku. Nalala.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimepata ahueni. Kamusi kubwa ya Oxford imekipa kitenzi hiki maana 645. Kitenzi peke yake! Mmoja wa wahariri wake, Peter Gilliver, alikaa nacho zaidi ya miezi 9. Miezi ya mimba. Katika toleo la 1989 neno lililoongoza lilikuwa "set". Sasa hili limelipita. Sishangai. Mashine zilipokuja, treni, injini, baadaye programu za kompyuta, zote zikadandia humo humo.

Na sisi je? Leo tangu asubuhi nimepiga mswaki, nimepiga pasi, nimepiga simu mara nne, nimepiga foleni benki. Sijamgusa mtu. Basi nisiwalaumu Waingereza.

Mama hapokei simu.

Alhamisi, 6 Machi

Wodini na Mama mchana kutwa. Sukari yake 19. Nesi akauliza: kuna mwingine kwenye ukoo? Bibi, nikasema. Mama mdogo. Mjomba aliyekatwa mguu. Kila jina likitoka, naye anaandika. Sikupenda kuiona ile orodha imeandikwa.

Ijumaa, 7 Machi

Sikutaka kufanya kazi, lakini muda wa kukabidhi hausubiri. Ukurasa wa 47. "It runs in the family." Leo hii, jamani.

Nimeweka kalamu chini. Kisha nikarudi kwenye asili ya "run", maana huko ndiko ninakotulia. Kiingereza cha kale: rinnan. Maji na miguu ndani ya neno moja. Wajerumani mpaka leo wanatenganisha: rinnen ni la maji, rennen ni la miguu. Kumbe lile bomba la Jumatatu halikuazima kitu kwa mkimbiaji. Maji yalikuwamo tangu mwanzo.

Basi ugonjwa nao haukimbii. Unashuka. Taratibu, toka kwa Bibi hadi kwa Mama, bila kelele.

"Ni wa kurithi"? Hiyo ya daktari, baridi. "Unatiririka ukooni"? Hakuna anayesema hivyo. Nimefuta mara tano.

Jumapili, 9 Machi

Mama amekunywa uji usio na sukari, akakunja uso, akamaliza. Akamwambia jirani wa kitanda cha pili: "Haya maradhi yako kwenye damu yetu, mwanangu."

Nimeiandika kama alivyoisema. Ndiyo hiyo.

Asubuhi sukari yake ilikuwa 8.4. Kesho, kabla ya chai, napima yangu.