Kinanda cha Santuri Mtaani Kwetu

Sisi tuliokulia Ngamiani, mjini Tanga, tuliijua alasiri ya Jumamosi kwa harufu. Marehemu baba, aliyekuwa karani bandarini, alirudi kazini, akaoga, akasali, kisha akafungua kifuniko cha radiogramu yake. Na punde si punde sebule nzima ikanukia vumbi lililopata joto. Vyombo vile havikutoa sauti papo hapo. Ndani yake mlikuwa na vali za kioo ambazo hapana budi zipate moto kwanza, na usoni palikuwa na jicho dogo la kijani lililofumbuka polepole. Sisi watoto wanne tulikaa mkekani tukilingoja jicho lile. Kabla halijakaza, baba hakugusa santuri yoyote.

Huenda vijana wa shule wasijue radiogramu ni kitu gani. Ilikuwa kabati la mbao lililong'arishwa, lenye miguu minne, redio upande mmoja na kinanda cha santuri upande wa pili, na spika chini yake nyuma ya kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za rangi ya dhahabu. Baba aliinunua mwaka 1965 kwa malipo ya kidogo kidogo, na mama alikuwa akisema kwamba yeye ndiye aliyeilipa, kwani mwaka ule hakupata doti hata moja ya kanga. Juu yake palitandikwa kitambaa cheupe cha kudarizi. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka kikombe hapo, hata mgeni.

Santuri zetu zilikuwa za namna mbili. Kwanza zilikuwako zile nzito alizoziacha bibi, za kuzunguka mara 78 kwa dakika, zilizofanywa kwa utomvu mgumu wa wadudu wa kule India. Ukiidondosha moja imekuwa vigae. Za namna hiyo ndizo alizorekodi Siti binti Saadi wa Unguja pamoja na wenzake, waliposafiri hadi Bombay mwaka 1928. Shaaban Robert, mwana wa Tanga, aliandika wasifu wake, na walimu wengi wameusomesha. Lakini bibi hakuwa amesoma kitabu hicho. Yeye alimjua Siti kwa santuri tu, na alimzungumza kama jirani aliyehama.

Upande mmoja wa santuri ya namna hiyo ulichukua dakika tatu hivi. Na tufikirie jambo hili kidogo, maana halisemwi sana. Wimbo wa taarabu ulioimbwa arusini, wenye beti nyingi na vituo vya kutunza waimbaji, ulilazimika kukatwa ili uenee katika kisahani. Waimbaji wakachagua beti gani ziingie na zipi ziachwe. Hivyo tunaposifu kwamba santuri imetuhifadhia nyimbo, na tukumbuke pia kwamba ilizipunguza.

Za namna ya pili zilikuwa ndogo na nyepesi, za mizunguko 45. Hizi ndizo zilizojaa kwetu tulipokuwa vijana: Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za papo hapo Tanga, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na taarabu ya Black Star na Lucky Star aliyoiimba Shakila binti Saidi. Hapa napo wimbo ulipasuliwa. Upande wa kwanza waimbaji walisema maneno yao, na mara tu magitaa yalipoanza kuchemka, sauti ikafifia, sindano ikakimbilia katikati. Ilibidi santuri igeuzwe. Radiogramu yetu iliweza kushikilia santuri kadhaa juu ya mhimili na kuziangusha moja moja, lakini baba hakupenda ufundi huo, maana ungeleta wimbo mwingine kabla huu haujamaliza safari. Aligeuza kwa mkono. Tena aligeuza yeye peke yake.

Kanuni zake tulizijua kwa moyo. Kunawa mikono. Kushika santuri pembeni, kamwe si usoni. Kutorukaruka sakafuni, kwani sindano ingeruka pia na kuacha mkwaruzo. Palikuwa na mkwaruzo mmoja katika wimbo mmoja uliompata kaka kwa kucheza mpira ndani, na kila ulipofika hapo, sote tulimtazama. Hata leo tukiusikia wimbo ule popote, twangoja mkwaruzo, nao hauji.

Wako wanaosema kwamba vyombo vile vilikuwa anasa ya wachache. Ni kweli, katika safu yetu ya nyumba ilikuwa yetu peke yake. Lakini spika haikujua mipaka ya nyumba. Madirisha yaliachwa wazi, wanaume wakaketi barazani, wanawake uani, na watoto wa jirani wakashika nondo za dirisha. Kila mmoja alikuwa na wimbo wake. Na kwa kuwa taarabu ni lugha ya mafumbo, maombi mengine yalikuwa na hatari. Siku moja jirani mmoja, ambaye alikuwa hasemezani na shoga yake wa nyumba ya pili, alimtuma mwanawe: "Mama anakuamkia, anaomba ule wimbo wa juzi, na anaomba upandishe sauti." Baba alicheka, akamrudisha mtoto na salamu: "Mwambie shikamoo yake nimeipokea, lakini kinanda changu si baraza la kesi." Siku ile zilipigwa za dansi tupu. Mama hakufurahi, naye, tuliambiwa baadaye, alikuwa na upande wake katika ugomvi ule.

Lakini kilichotufaa zaidi sisi watoto kilikuwa ile karatasi ya duara katikati ya santuri. Mdogo wetu wa mwisho alijifunzia kusoma hapo kabla hajaingia darasa la kwanza. Karatasi ile ilitaja kikundi, wimbo, na mara nyingi mtunzi. Baba alikuwa na desturi ya kumwita mmoja wetu asome kwa sauti kabla sindano haijateremshwa, kama anayemtambulisha mgeni. Tukajua kwamba nyimbo zina wenyewe.

Hapa nchini hapakuwa na kiwanda cha kupiga chapa santuri. Bendi zilirekodiwa kwenye kanda katika studio za Radio Tanzania, Dar es Salaam, na aliyetaka santuri alielekea Kenya. Kwa watu wa Tanga, Mombasa ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam, na baba alizoea kuagiza kwa madereva wa malori. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977, agizo lake la mwisho halikufika. Ulipofunguliwa mwaka 1983, kaseti zilikuwa zimekwisha kushika soko.

Hatuwezi kuilaumu kaseti. Ilikuwa rahisi, ilitembea kwa betri, iliingia mashambani ambako umeme haukufika. Kwa njia hiyo muziki uliwafikia wengi ambao santuri haikuwafikia kamwe. Ila nyingi zilizouzwa mitaani zilikuwa nakala ya nakala, na juu yake pameandikwa kwa kalamu, "Nyimbo za Zamani". Zamani za nani? Sisi tunaofundisha tumepata kuwauliza wanafunzi walioimba wimbo mzima bila kukosea neno, nani aliutunga, wakatutazama kana kwamba tumewauliza nani alitunga mvua.

Baba alifariki mwaka 1988. Katika kugawana vitu, tulifanya jambo ambalo hadi leo hatupendi kulizungumza. Kaka alitaka radiogramu kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Dada alitaka santuri kwa sababu yeye ndiye aliyezifuta na kuzipanga miaka yote. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenziwe vyote, nasi wawili tuliosalia, kwa kuogopa kelele za msibani, tukasema na iwe hivyo. Kabati likaenda Dar es Salaam, santuri zikaenda Muheza. Kwa zaidi ya miaka ishirini kaka alikuwa na kinanda kisicho na cha kupiga, na dada alikuwa na nyimbo zisizo na pa kuimbia. Kila mmoja alipotembelewa aliwaonyesha wageni nusu yake. Katika muda huo mama naye alifariki bila ya kuisikia tena hata moja.

Dada ndiye aliyeanza. Alituma ujumbe kwamba anakuja, na alipokuja alishuka na masanduku mawili ya mbao yaliyofungwa kwa kamba. Radiogramu haikuzunguka: gurudumu dogo la mpira linalosukuma sahani lilikuwa limekauka kama jiwe. Fundi mmoja mzee wa Kariakoo alilichonga upya, akabadilisha nyaya zilizoliwa na panya, akatupatia na sindano ya santuri za 45. Ya santuri za bibi hakuipata, na hadi leo hatujaipata. Santuri zake kumi na moja zipo, na twazisoma majina tu.

Tuliiwasha jioni. Harufu ilikuwa ile ile, ingawa jicho la kijani lilikuwa limefifia. Mjukuu mmoja alisomeshwa karatasi kwa sauti, akababaika katika jina la mtunzi, akasahihishwa na watu wanne kwa pamoja. Wimbo ukaanza, maneno yakaisha, magitaa yakaanza kupamba moto, sauti ikafifia. Sindano ikafika katikati ikabaki inakwaruza. Tukangoja. Hakuna aliyesimama, maana miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kugeuza santuri mbele ya baba. Mwishowe kaka akamtazama dada, akasema, "Haya, mwenye santuri." Dada akafuta mikono yake kwa kanga, akainuka.