Nilivyojifunza Kupika Tambi Kakuma 1

Poleni na vumbi. Mwezi huu nataka niwatembeze upande wa Wasomali, Kakuma 1, mpaka jikoni.

Kutoka kwetu Kakuma 3 unavuka laga. Kiangazi ni mchanga tu, lakini mvua ikinyesha kule mbali, maji yanakuja ghafla na hapana kupita. Ng'ambo unakuta maduka ya mabati, vitambaa, harufu ya iliki na chai ya maziwa. Mimi nilipita pale miaka mingi, nanunua sukari narudi. Kuingia nyumbani kwa mtu, hapana.

Halafu nikapata marafiki wawili, walimu wenzangu, ndugu wa nyumba moja. Kila Ijumaa wakawa wananiita kula tambi. Wao wanasema baasto, na mchuzi wake suugo. Maneno hayo yametoka kwa Waitaliano, waliotawala kusini mwa Somalia mpaka 1941, wakarudi kuisimamia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa toka 1950 hadi uhuru wa 1960. Mkoloni alienda, sufuria ikabaki. Lakini viungo vile, na ndizi mbivu wanayokula pamoja na tambi, hayo ni ya Wasomali wenyewe.

Nilikula, nilikula, mwisho nikaona aibu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikanunua pakiti ya nusu kilo, nikaitia kwenye maji baridi, nikawasha moto. Ikatoka uji mzito. Jirani yangu akauliza, "Mwalimu, unapika gundi?"

Basi nikaenda kwa mama yao. Akanipa kigoda karibu na jiko la makaa, akasema, "Leo mwalimu ni mwanafunzi." Watoto wakacheka sana.

Anakaanga vitunguu mpaka viwe vya kahawia, anatia kitunguu saumu na nyama ya mbuzi iliyokatwa vidogo. Nyama ikishageuka rangi, anatia nyanya, nyanya ya mkebe kijiko kimoja, viazi, halafu viungo vyao, xawaash: bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga, mdalasini, iliki, karafuu na manjano, vyote vimetwangwa. Anafunika, moto mdogo, mpaka nyama ilainike. Tambi zinaingia tu maji yakishatokota kabisa, na chumvi. Anatoa uzi mmoja, anauma. Kama katikati bado ni kweupe na kugumu, anangoja. Kabla ya kuchuja anabakiza kikombe cha yale maji, analegeza nayo mchuzi.

Nikamwambia, "Mama, Jumapili mje kwangu." Akanyamaza kidogo, halafu akauliza polepole, "Mwanangu, sufuria yako imewahi kupika nguruwe?"

Nikasema ndiyo. Sikutaka kumdanganya mama yule. Na hapo ndipo nilielewa kwa nini wale rafiki zangu, siku zote hizo, kwangu walikunywa maji tu. Hawakutaka kunitia haya.

Hakukasirika. Alinipa sufuria yake, akanielekeza bucha ambapo nyama inachinjwa kwa utaratibu wao. Jumapili wakavuka laga, watu sita. Tambi zilishikana kidogo, siwafichi. Nilipika na sombe bila samaki wala nyama, mafuta na karanga tu. Mama alionja, akarudia. Tulikula sinia moja kwa mkono, na ndizi pembeni.

Ndugu zangu wazazi, pale shuleni watoto wetu wanakaa dawati moja, lakini kwenye bomba la maji wanatukanana kwa kabila. Hawakuzaliwa na maneno yale, wameyasikia nyumbani. Sisi tumekaa jirani miaka na miaka, na hata swali la sufuria hatujaulizana. Tuulizane, haliumi.

Ile sufuria nilienda kuirudisha. Mama akakataa. Akasema, "Ibaki kwako, tutakuja tena."

Mungu awabariki. Tuonane mwezi ujao.