Injini Inapotulia



Pikipiki mbovu huweza kukimbia vizuri. Neno hili huwashangaza wengi, lakini fundi yeyote wa Kisangani analijua. Ikipandishwa mwendo katika barabara ya kwenda Bangoka, hulia sawasawa na abiria hana shaka nayo. Inapofika njia panda, dereva akaachia mkono wa mafuta, ndipo huanza kutetemeka, mlio ukipanda na kushuka, na mwishowe huzimika. Mlio huo wa chini, unaosikika injini ikiwa imewashwa bila kwenda, huku kwetu tunauita ralanti. Napenda tuutafakari pamoja, kwa kuwa wengi wenu mnaishi kwa pikipiki, nami nimeona jasho la vijana wengi likipotea hapo.

Sababu ya jambo hili inaeleweka. Injini inayokwenda mbio huvuta hewa nyingi. Ufa mdogo ukiingiza hewa ya ziada, hewa hiyo ni kama tone la mvua katika mto Kongo. Katika ralanti injini huvuta pumzi ndogo sana, na hewa ya ufa ule ule huwa fungu kubwa la pumzi yote. Ndivyo ilivyo pia kwa nozeli iliyoziba kidogo, kwa plagi iliyochoka (ile tunayoiita buji), na kwa vali zilizobanwa kupita kiasi. Mwendo wa kasi huyafunika hayo yote, na utulivu huyaweka wazi.

Wazee wetu wanakumbuka siku za toleka, zile baiskeli za abiria zilizoubeba mji huu wakati magari yalipokuwa haba. Kasoro ya baiskeli huonekana kwa macho. Kisha zikaja pikipiki za kabureta, na mafundi wakajifunza kuifungua, kuiosha na kuirekebisha kwa skrubu huku wakisikiliza. Pikipiki za sindano ya mafuta zilianza mbali nasi: Kawasaki iliuza Z1000 ya aina hiyo mwaka 1980, nayo ilikuwa pikipiki kubwa ya wenye uwezo. Baadaye, tarehe 1 Aprili 2020, nchi ya India ilipoanza kutumia kanuni kali zaidi za moshi, makampuni yake yalilazimika kuweka sindano hata katika pikipiki nyingi ndogo. Hapa kwetu kabureta bado ni nyingi, lakini aina mpya nazo huletwa gerejini, na elimu ya zamani peke yake haizitoshi.

Katika aina hii, kompyuta ndogo ndiyo inayoamua nozeli ifunguke kwa muda gani. Haioni wala haisikii. Hutegemea habari za vihisi vinavyopima joto la injini, hewa inayoingia, na jinsi kilango cha hewa kilivyofunguka. Ikiletewa habari za uongo, itatoa hesabu ya uongo, ingawa yenyewe ni nzima kabisa.

Kijana mmoja wa Mangobo alinijia mwanzoni mwa juma akiisukuma pikipiki yake. Si mali yake. Kila jioni humpelekea mwenye chombo malipo ya siku, na kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani. Ilikuwa ikimzimikia kila penye msongamano, na abiria walikuwa wameanza kumkwepa. Fundi wa kwanza alipandisha skrubu ya kilango cha hewa hadi injini ikawa inanguruma muda wote, ikinywa mafuta na kuchemka, na bado ikazimika. Wa pili alimwambia kwamba kompyuta imekufa. Mwenye pikipiki naye alikuwa amempa hadi Jumamosi: ikiwa malipo hayatakamilika, chombo kitapewa mtu mwingine.

“Yaya,” aliniambia, “nimepata mtu wa kunikopesha pesa za kompyuta. Nataka tu uniwekee.”

Nilimwomba asikope kwanza. Nilimuuliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa amemuuliza: Huzimika ikiwa baridi au ikiwa moto? Ilianza ghafla au polepole? Ilianza baada ya mvua, baada ya kununua mafuta mahali fulani, au baada ya mkono wa fundi? Akafikiri, kisha akasema ilianza baada ya chujio la hewa kusafishwa, ikawa inaongezeka siku hadi siku, baridi na moto pia. Jibu hilo lilikuwa nusu ya kazi.

Ufunguo ulipozungushwa, pampu ya mafuta ilisikika ikivuma kwa muda mfupi kisha ikanyamaza, kama ipasavyo. Taa ya onyo iliwaka ikazimika: kompyuta haikuwa na lalamiko. Hapa wengi hukosea. Katika pikipiki nyingi za Honda, kwa mfano, taa hiyo humweka kwa hesabu, mmweko mrefu ukiwa kumi na mfupi ukiwa moja. Saba huelekeza kwenye kihisi cha joto, nane kwenye kihisi cha kilango cha hewa. Ni msaada mkubwa, lakini taa hutaja yale tu ambayo vihisi vinaweza kuyatambua. Mpira uliopasuka, maji katika mafuta au plagi iliyochakaa huenda visiwashe taa yoyote. Taa ikinyamaza, usidhani kwamba kila kitu ni kizima.

Tukaendelea na yale yasiyogharimu kitu. Betri ilikuwa na nguvu. Plagi ilikuwa na rangi nyeupe kupita kawaida, dalili ya hewa nyingi kuliko mafuta. Nilirudisha skrubu mahali pake penye alama ya rangi ya kiwandani, nikaiwasha injini, nikanyunyizia maji kidogo ya sabuni kwenye maungio ya njia ya hewa. Karibu na bano la mpira unaounganisha kilango cha hewa na injini, mlio ulibadilika mara moja. Tulipofungua, tukauona ufa upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Mpira ulikuwa umepindwa siku ile ya kusafisha chujio. Tuliuweka mwingine, tukaondoa masizi kwenye kilango cha hewa, na ralanti ikatulia. Bei ya mpira ule haikufikia malipo yake ya siku moja. Siku ya Ijumaa alimkamilishia mwenye pikipiki hesabu yake.

Ningeweza kuiuza ile kompyuta. Kijana alikuwa amekubali, na ningeubadilisha mpira kimyakimya bila yeye kujua kilichoiponya pikipiki. Wale kati yenu mnaojifunza ufundi mtakutana na siku kama hiyo, tena mara nyingi. Mteja asiyejua huweka mikononi mwenu chakula cha watoto wake. Kumwonyesha kipande kilichoharibika, na kumweleza kilivyoharibika, ni sehemu ya kazi anayoilipia.

Nanyi mnaoendesha, jifunzeni mambo machache. Mafuta ya kadafi, wale wauzaji wa chupa za barabarani, yatieni kwanza kidogo katika chupa safi inayopitisha nuru, mbali na moto wowote, muyaache yatulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hujitenga na kukaa chini. Na ndani ya tangi pia hukaa chini, pale pale pampu inapovutia. Chujio lishughulikiwe bila kulazimisha mipira. Mtu asiguse skrubu ya ralanti kabla ya kuuliza swali hata moja. Na kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, iacheni injini iungurume dakika moja bila kuigusa, mkiisikiliza.

Katika vikundi vyenu mnaweza kujadili hili: ni mara ngapi tunaongeza mwendo ili kasoro isisikike, shuleni, nyumbani, au katika deni ambalo hatutaki kulihesabu? Wenye pikipiki waje nazo siku ya mkutano, na wasio nazo waje na chupa safi. Tuanze kwa kuyapima mafuta, kisha tuziwashe moja moja na kunyamaza.